Kikishafungwa Hakirudishwi

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa kwenye msururu wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, narudi Gisenyi mikono mitupu. Kutwa nzima nilikuwa nimezunguka Goma nikitafuta kitasa cha mlango wa nyuma wa Peugeot 403, upande wa kulia. Sikutaka cha kuchongesha, wala cha kung'oa kwenye gari bovu. Nilitaka orijino, kipya, ambacho hakijawahi kufungwa popote. Magari yale yaliacha kutengenezwa zaidi ya miaka thelathini nyuma, kwa hiyo wenye maduka walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nataka na dereva wake.

Mbele yangu alisimama Hitimana, dereva wa lori, mteja wangu wa siku nyingi. Nilimfahamu akiwa na goti bovu la kushoto, mtu wa kuyumba akitembea, mwenye utani kwa kila askari wa mpakani. Jioni ile alikuwa amenyooka, mpole, kimya.

"Goti limepona?" nikamuuliza.

"Goti gani?"

Nikadhani ananitania. Nikamweleza shida yangu, akaitikia polepole.

"Enda Mbugangari, pale Gisenyi, kwa mukecuru Nyirasafari. Nyuma ya ile magazini yenye ilikuwaka ya Mugiriki. Anafungua wakati barrière inafunga. Iko na piyesi zote za zamani, mupya, hata mutu hajagusa. Lakini ubebe ile yenye iliharibika. Bila ya zamani, hakupe."

Mwanamke mmoja mwenye kapu la nyanya akamwita: "Papa Denyse, tuende!" Hitimana akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama abiria usiyemjua. Yule alikuwa mke wake. Niliona, nikapuuza, nikavuka mpaka.

Mimi naitwa Mugisha. Nilizaliwa Bukoba, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi Rwanda na wengine mwaka wa tisini na tano. Huu ninaousimulia ni mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa na gereji ndogo, na ukutani nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: KIKISHAFUNGWA HAKIRUDISHWI. Wateja wana tabia ya kuchukua spea kwako, kuifunga, kuitembelea wiki nzima, kisha kuirudisha eti siyo yenyewe. Sikuwa na huruma nao. Nilikuwa natazama boliti tu. Boliti iliyoguswa na spana hubanduka rangi kwenye kona zake. Nikiona hivyo, hata mteja akilia, nilimwonyesha ukuta.

Gari lilikuwa la Mzee Kayitare, na Mzee Kayitare ndiye aliyekuwa baba wa Uwera. Nilipokwenda kumposa, mzee alikataa ng'ombe.

"Ng'ombe mi nitazilisha wapi, kwenye balabala?" alisema. "Voiture yangu iko kwenye mawe tangu miaka kumi. Uitengeneze. Na sitaki piyesi za kuokota. Nataka ikuwe vile ilitoka kwenye karatasi. Siku itatembea, bon, siku ile utabeba binti yangu."

Basi mahari yangu ilikuwa gari. Nilikubali bila kufikiri mara mbili, maana nilimpenda Uwera hadi nikajionea aibu. Alikuwa na kidole kidogo kilichopinda na jino la mbele lililokatika pembeni, na alipocheka hakulificha. Alikuwa akiniletea chakula gereji, anaingia kwenye lile gari bovu, anabonyeza honi mara moja, fupi, kuniambia chakula tayari. Honi ilikuwa nzima, sikuwahi kuibadilisha. Nikimkaribisha kwa Kiswahili changu cha Bukoba, ananicheka.

"We Mutanzania," anasema, "unasema kama redio."

Ningempa chochote.

Jioni ya pili yake nilikwenda Mbugangari na kitasa cha zamani mfukoni. Hilo halikunishangaza. Fundi yeyote hubeba kifaa kibovu ili muuzaji alinganishe. Nilipita nyuma ya magazini ya Mgiriki, duka kuukuu lililofungwa, nikakuta mlango wa mbao uko wazi kidogo. Harufu ya grisi ya zamani ilinipokea, na harufu ya nta, na nyingine chini yake... kama nywele zilizoungua.

Rafu zilifika darini. Vifurushi vya karatasi ya nta, kila kimoja na namba yake. Nilisahau hata kusalimia. Pampu, kioo cha taa, vitu ambavyo niliwahi kuviona kwenye vitabu vya mafundi tu, vyote havijaguswa.

"Karibu," sauti ikanong'ona.

Nyirasafari alikuwa mukecuru kweli, bibi mdogo wa kimo, kitenge safi, miwani imefungwa kwa uzi. Alichukua kitasa changu, lakini hakukilinganisha na chochote. Alikinusa. Kisha akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Ni nani iliumia hapa?"

Swali gani hilo? Lakini mimi nikipenda huwa sifungi mdomo, na nilitaka dunia nzima ijue.

"Mchumba wangu, Mukecuru. Anaitwa Uwera. Alikuwa na miaka sita, mlango ukambana kidole kidogo. Kimepinda hadi leo."

"Uwera," akarudia polepole. Akaandika kwenye kikaratasi, akakifunga kwa uzi kwenye kitasa, akapita nyuma ya pazia. Aliporudi alikuwa na kifurushi. Nikafungua pembeni. Kitasa kile kile, kinang'aa, hakina hata alama ya ukucha.

"Nitakulipa nini?"

"Mi sitaki franga," akasema. "Nimeshapata yangu."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Jamani, nilipiga mluzi.

Nilikifunga asubuhi yake. Jumapili Uwera akaleta maharage, akaninawisha mikono. Nilitazama vidole vyake vilivyoshika birika. Vyote vimenyooka. Nikapepesa macho, nikajiambia ni mwanga.

Kilichofuata ni usukani. Ule wa zamani ulikuwa na kibonyeo upande wa kushoto. Uwera mdogo alikuwa amekaa mapajani mwa baba yake, mbuzi akakatiza barabara, mzee akafunga breki, na jino likakatikia pale. Nyirasafari alipapasa kibonyeo kwa ncha ya ulimi.

"Na hapa?"

Nikamweleza. Tena nilicheka nikimweleza. Akaandika.

Safari hiyo, aliponipa mgongo, nilisikia kitu nyuma ya pazia. Mtu anavuta pumzi... kama anayetaka kusema neno, akasita.

"Unaishi na nani, Mukecuru?"

"Ni piyesi tu," akasema. "Piyesi zinasukumana."

Siku mbili baada ya kufunga usukani, Uwera alikuja gereji. Hakupiga honi. Alisimama mlangoni akingoja nimwone. Nikamtania ili acheke, akatabasamu, na meno yake yalikuwa sawa yote, meupe, mazima.

"Jino lako limekuwaje?"

"Jino gani?" akasema.

Nilikumbuka mtu mwingine aliyenijibu hivyo, mpakani, lakini sikutaka kukumbuka. Nikajiambia amekwenda kwa daktari wa meno Goma, anaona haya kusema. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Kilikuwa kimebaki kiti cha nyuma, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Kiti hicho kilikuwa na historia. Mwaka wa sabini na nne, mke wa mzee, Verediane, alishikwa na uchungu Busasamana, juu kule karibu na volkeno. Mzee akamweka kiti cha nyuma akashuka mbio kutafuta hospitali. Hawakufika. Uwera alizaliwa njiani, juu ya kile kiti, na mama yake akafia hapo hapo. Doa lilikuwa bado lipo. Mzee alisema hataki binti yake akalie lile doa siku ya harusi.

Nilikifunga kiti kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nikaisukuma mpaka Mbugangari. Njia nzima nilijiapiza kwamba leo sitaji jina la mtu. Jua lilikuwa limeshatua, watu wa mpakani wanarudi na mizigo yao, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuutazama mlango ule.

Nyirasafari hakunusa kitu. Alikaa juu ya kiti. Akaweka kiganja kwenye doa.

"Na hapa?"

"Sijui."

"Unajua."

Nyuma ya pazia, kitu kiligonga mbao. Tok. Tok.

"Mutu alizaliwa hapa," akanong'ona. "Ni Uwera?"

Nieleweke vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Na bado nilisema ndiyo, kwa sababu bila kiti hakukuwa na harusi, na nilitaka harusi yangu.

Nikasema ndiyo.

Alhamisi nilikifunga kiti kipya, boliti nne. Ijumaa mchana Mzee Kayitare akaja na Uwera kulitazama gari. Lilikuwa linameta kama limetoka kiwandani asubuhi ile. Nilisimama pembeni na kitambaa mkononi, najisikia mtu.

"Muraho," Uwera akanisalimia, akanipa mkono. "Ni weye Mugisha? Papa amesema njo weye utanioa."

Alikuwa mzuri. Uso wake haukuwa na hata ule mkunjo mdogo kando ya mdomo. Alipokaribia, nilisikia harufu ya nta na grisi.

Mzee hakuwa amesikia. Alikuwa ameingia ndani ya gari, amekaa nyuma, anapapasa kiti kama mtu aliyedondosha kitu. Akainusa mikono yake.

"Haina mutu," akasema. "Humu haina mutu."

Akatoka. Akamtazama binti yake muda mrefu sana.

"Uwera. Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Uwera akatabasamu. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akingoja mmoja wetu amsaidie. Mzee akanigeukia.

"Kiti yangu uliipeleka wapi?"

Nilichukua spana nikaanza kufungua zile boliti, na machozi yananidondokea mikononi. Mzee alimshika binti yake mkono, akaondoka naye.

Nilifika Mbugangari barrière ikifungwa. Niliingia bila kubisha, nikatua kiti sakafuni. Nyirasafari alikuwa hayupo mezani, na kwa mara ya kwanza nilizisoma rafu za chini. Huko hakukuwa na vifurushi. Kulikuwa na vyuma vilivyochakaa, kila kimoja na kikaratasi chake. Pedali ya klachi: HITIMANA, GOTI. Kioo cha pembeni: jina la mwalimu ninayemjua. Kitasa. Usukani.

UWERA, KIDOLE. UWERA, JINO.

"Umerudisha?"

Alikuwa nyuma yangu. Sijui aliingilia wapi.

"Nirudishie kile cha zamani, Mukecuru. Hiki hapa. Sikitaki."

Hakubisha. Aliinama, akavuta miwani puani, akachukua boliti moja na kuigeuza kwenye mwanga wa mshumaa. Nilijua anatazama nini. Nilijua kabla hajasema. Kona zote sita, rangi imebanduka.

"Umeshafunga," akasema.

Nikapiga magoti. Mimi, niliyekuwa nawaonyesha watu ukuta.

"We fundi," akasema taratibu, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Weye mwenyewe unajua. Kikishafungwa..."

Hapo nikasikia sauti. Ilitoka nyuma ya pazia, chini, imekauka kidogo.

"We Mutanzania..."

Nilivuta pazia.

Kile kiti cha zamani kilikuwa pale sakafuni, bila gari. Mwanamke alikuwa amekikalia, amenipa mgongo, ameshika hewani usukani usiokuwepo. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikuelewa kama analia au anacheka.

"Uwera," nikasema.

Hakugeuka. Sidhani kama aliweza.

"Unamutaka?" Nyirasafari akaninong'oneza sikioni. Pumzi yake ilikuwa baridi. "Hii piyesi sichukui tena. Lakini ile ingine... ile mupya iko kwa nyumba ya papa yake... ile unaweza kurudisha. Kama haiyatumika. Isikuwe na alama hata moja. Uilete mbele ya kesho, nami nitakupa huyu."

Nilikimbia. Kutoka Mbugangari hadi kwa Mzee Kayitare sikusimama, na njiani sikuwaza mara mbili. Nilikuwa nakwenda kumchukua mtu na kumpeleka mahali pale, nikabadilishane naye kama pampu ya maji. Nilikuwa na furaha. Ndiyo ninachojichukia zaidi, kwamba nilikuwa na furaha.

Nilimkuta peke yake jikoni, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi vya harusi. Aliponiona akasimama mara moja.

"Tuende mahali," nikamwambia. "Si mbali."

"Sawa." Hata hakuuliza wapi. Akaanza kuvaa viatu kwa mkono mmoja tu, ule wa kushoto ameuinua hewani.

"Mkono una nini?"

Akanionyesha. Kisu kilikuwa kimemteleza, kimemchana kiganja kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye kiwiko naye alikuwa anaitazama kwa macho makubwa, kama mtoto anayeona mvua ya mawe kwa mara ya kwanza.

"Inauma," akasema kwa mshangao. "Itapona?"

"Itapona." Nikamwangalia kiganja. "Lakini alama itabaki."

Akafikiri.

"Muzuri," akasema. "Itakuwa yangu."

Nilikaa chini sakafuni, kwenye maganda ya viazi, nikalia mbele yake. Naye, asiyenijua, alikaa karibu yangu akaniwekea mkono mzima begani. Nikachana shati langu nikamfunga kidonda. Hatukwenda popote.

Hadi leo najiuliza: kama asingejikata, ningempeleka? Najua jibu. Silisemi.

Tulioana Jumamosi. Mzee Kayitare alikaa mstari wa mbele, hakupiga makofi. Gari alikataa kulichukua. "Beba," aliniambia. "Mi sijui ile gari." Nikaliweka uani kwangu bila kiti cha nyuma; kile kipya nilikiacha Mbugangari. Wiki iliyofuata nilifuta maandishi ya ukutani kwa mafuta ya taa. Mbugangari sipiti; nazunguka njia ya ziwani, hata mvua ikinyesha.

Mke wangu ni mtu mwema. Anajifunza. Alama ya kiganjani amekuwa akiipapasa anapowaza, na mwezi wa nne wa ndoa hivi alianza kuungua mikono kwenye sufuria kama watu wengine, akaanza kunung'unika, akaanza kupenda samaki fulani na kuchukia wengine. Nilianza kumpenda kwa namna nyingine, polepole, kwa aibu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba yamekwisha.

Jumanne iliyopita nilichelewa kurudi. Giza lilikuwa linaanza kuingia, gari limeegeshwa uani kama kawaida, nikalipita bila kulitazama. Mke wangu akanitengea chakula. Nikamshukuru kwa Kiswahili changu. Akacheka.

"We Mutanzania," akasema, "unasema kama redio."

Nikaweka kijiko chini. Sikuwahi kumwambia maneno yale. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Nani amekufundisha?"

"Mwanamuke moja alikuja hapa sasa hivi. Iko na jino imekatika. Alinishika mukono, akaangalia alama yangu, akalia kidogo. Akasema nikuambie vile."

"Amekwenda wapi?"

"Hajaenda. Nilimuambia uko kazini, akasema haina haraka." Akanyoosha mkono kuelekea uani. "Iko kwenye voiture. Kiti ya nyuma."

Gari halikuwa na kiti cha nyuma. Tukatazamana. Nje kimya. Hata mbwa wa jirani...

Kisha honi ikalia. Mara moja, fupi. Kama zamani, chakula kikiwa tayari.